Arobaini ya Mzazi: Kupona Mwili na Moyo Baada ya Kujifungua

Katika Kiswahili cha pwani, mwanamke aliyetoka kujifungua huitwa mzazi, na wanaokwenda kumtazama humpa maneno mawili kwa pamoja: hongera na pole. Hongera ni ya mtoto aliyepatikana. Pole ni ya mwili ulioumia na moyo uliochoka. Mara nyingi hongera huendelea kwa miezi, lakini pole husahaulika baada ya siku mbili tatu. Macho ya wote humhamia mtoto, naye mama huonekana kana kwamba kazi yake imekwisha salama.

Makala haya yanakusudia kuwakumbusha waamini kwamba kazi hiyo haijaisha. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa vifo vya uzazi nchini Tanzania vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015–16. Tunamshukuru Mungu na wahudumu wa afya kwa hatua hiyo. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa watoto 81 katika kila 100 sasa huzaliwa katika vituo vya afya. Lakini mama hukaa kituoni siku moja au mbili tu, kisha hurudi nyumbani, na vifo vya uzazi vinavyohesabiwa ni pamoja na vile vinavyotokea hadi siku ya 42 baada ya kujifungua. Sehemu kubwa ya muda wa hatari, basi, mama huipitia mikononi mwetu: mikononi mwa mume, mama mkwe, majirani na jumuiya.

Hali ya Baleni

Tunaandika tukiwafikiria hasa wanaoishi mahali kama Baleni, katika kisiwa cha Mafia. Huko ni kwenye minazi na mashamba ya mihogo, na maisha hutegemea shamba na bahari. Hospitali ya Wilaya iko Kilindoni. Anayehitaji matibabu makubwa zaidi huenda kwa ndege, au huvuka bahari hadi Nyamisati na kuendelea na safari kwa barabara. Na bahari ina majira yake, haimngojei mgonjwa. Kwa hiyo dalili ya hatari iliyotambuliwa asubuhi ina thamani kubwa kuliko ileile iliyotambuliwa usiku.

Wakatoliki wa kisiwani ni wachache kati ya majirani Waislamu walio wengi. Miongoni mwao wamo waliotoka bara kwa ajili ya ualimu, uuguzi, ulinzi au biashara. Mwanamke wa namna hiyo anapojifungua, mama yake mzazi, dada zake na shangazi zake wako mbali, ng'ambo ya bahari. Asipopata jumuiya ya kumpokea, siku ya kumi atakutwa kisimani na ndoo kichwani.

Arobaini katika Maandiko na Mapokeo

Desturi ya pwani ya kumpumzisha mzazi kwa siku arobaini si ngeni kwa Mkristo. Kitabu cha Walawi, sura ya 12, kiliweka siku saba na tena thelathini na tatu kwa mwanamke aliyezaa mtoto wa kiume. Ndiyo sababu Kanisa huadhimisha Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni tarehe 2 Februari, siku ya arobaini tangu Noeli. Mwinjili Luka anasimulia kuwa Maria na Yosefu walitoa sadaka ya maskini, yaani ndege wawili. Familia hiyo haikuwa na mali, na hata hivyo siku za mama zilihesabiwa na kuheshimiwa.

Hatuzihesabu siku hizo kwa maana ya unajisi. Mtakatifu Beda ameandika katika historia yake ya Kanisa la Uingereza jibu la Papa Gregori Mkuu kwa Augustino wa Canterbury, la mwaka 601: mwanamke akiingia kanisani kushukuru hata saa ileile aliyojifungua, hatendi dhambi yoyote. Mzazi hukaa nyumbani kwa sababu anahitaji kupona. Hakuna doa lolote linalomzuia kuingia nyumbani mwa Bwana.

Mwili unavyorudi

Mara baada ya kujifungua, mji wa mimba huweza kuguswa karibu na kitovu. Kwa kawaida, baada ya majuma mawili huwa umeshuka ndani ya nyonga, na baada ya majuma sita hukaribia ukubwa wake wa zamani. Maumivu ya tumbo yanayokuja mtoto anaponyonya ni ya mji huo kujikaza, nayo ni dalili njema, hasa katika siku za mwanzo.

Damu ya uzazi huwa nyekundu kwa siku tatu nne za kwanza. Kisha hugeuka kuwa ya waridi au kahawia, na baadaye ute mweupe au wa njano, hadi kwisha katika majuma manne hadi sita. Damu iliyokwisha kupungua ikirudi kuwa nyekundu na nyingi, mama apumzike na aonwe na mhudumu.

Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2022, linashauri mama na mtoto wakae kituoni walau saa 24 baada ya kujifungua, kisha waonwe tena walau mara tatu: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika juma la sita. Tunawasihi wazazi wasiziache siku hizo hata kama mama anajisikia vizuri. Shinikizo la damu na upungufu wa damu havionekani kwa macho. Mama aendelee pia na vidonge vya kuongeza damu kama alivyoelekezwa kliniki, na alale yeye na mtoto ndani ya chandarua.

Chakula cha mzazi hakihitaji fedha nyingi kisiwani. Samaki, dagaa, maharage, kisamvu, mchicha, tembele, mayai, matunda na uji vinatosha kujenga damu na maziwa. Anayenyonyesha huhitaji kula zaidi ya alivyokula kabla ya mimba, na kunywa maji kila anaposikia kiu. Si haki mzazi ale mwisho, baada ya wageni waliokuja kumpongeza.

Mapumziko nayo si kulala kitandani mchana kutwa. Kutembea polepole ndani na nje ya nyumba huisaidia damu kuzunguka na kuizuia isigande miguuni. Kazi za kuahirishwa ni zile nzito: kuchota maji, kutwanga, kubeba kuni, kulima. Aliyejifungua kwa upasuaji asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake kwa majuma sita. Misuli ya nyonga iliyolegea hupata nguvu ikizoezwa: mama aikaze kana kwamba anazuia mkojo, ahesabu hadi tano, aiachie, na arudie mara kadhaa kila siku. Mkojo au choo kikiendelea kuvuja bila kujizuia, huenda ni fistula. Huo ni ugonjwa, si aibu wala laana, na unatibika. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam imejulikana kwa miaka mingi kwa kuutibu bila malipo.

Mila za kushika na za kuacha

Wazee wa pwani wana hazina katika jambo hili, nasi hatupendi idharauliwe. Kumpumzisha mzazi, kumpikia, kumwogesha, kumkanda mgongo, kuwa naye usiku: haya yote ni matendo ya huruma, na sayansi ya leo haina la kuyapinga. Uji wenye pilipili manga kidogo na supu ya pweza havimdhuru. Kanga iliyofungwa tumboni kwa kiasi humpa mama hisia ya kushikwa vema.

Yako mengine ya kurekebisha. Kanga isikazwe hadi mama ashindwe kuvuta pumzi. Maji ya moto sana yasitumike kukanda tumbo wala sehemu zenye mshono, kwa maana yameunguza wengi. Maji ya uvuguvugu yanatosha, na mshono wa upasuaji uachwe mkavu. Dawa za miti zisiingizwe ukeni. Maziwa ya kwanza, yale mazito ya njano, yasikamuliwe na kumwagwa, kwa kuwa ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Mtoto anyonye mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, usiku na mchana, na asipewe maji wala uji kabla ya miezi sita. Titi likijaa na kuuma, dawa ya kwanza ni kuendelea kumnyonyesha.

Dalili zisizosubiri asubuhi

Mama apelekwe kituo cha afya mara moja anapopata mojawapo ya haya:

– damu inayolowesha kitambaa au pedi nzima ndani ya saa moja, au mabonge makubwa ya damu;
– homa, baridi ya kutetemeka, au uchafu wenye harufu mbaya;
– kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, au degedege, kwani kifafa cha mimba huweza kutokea hata baada ya mtoto kuzaliwa;
– kukosa pumzi, maumivu ya kifua, au mguu mmoja kuvimba na kuuma;
– mshono kutoa usaha au kufumuka;
– titi jekundu, gumu na lenye maumivu, pamoja na homa;
– kuzimia, au kuchanganyikiwa akili.

Kwa dharura za wajawazito, wazazi na watoto wachanga upo mpango wa kitaifa wa usafiri uitwao m-mama, unaopatikana kwa kupiga namba 115 bila malipo. Namba hiyo iandikwe mahali inapoonekana katika kila nyumba yenye mjamzito au mzazi. Familia ijue mapema ni nani mwenye chombo cha usafiri karibu, na iweke akiba kidogo kwa ajili ya safari.

Historia ya watakatifu inatufundisha kuwa elimu peke yake haikingi. Mtakatifu Gianna Beretta Molla wa Italia alikuwa daktari. Alimzaa mtoto wake wa nne kwa upasuaji tarehe 21 Aprili 1962, naye akafariki juma moja baadaye, tarehe 28, kwa maambukizi ya tumboni. Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 16 Mei 2004. Tunamheshimu kwa kuulinda uhai wa mtoto wake, na tungemheshimu vizuri zaidi tukichukua kwa uzito homa ya kila mzazi aliye jirani yetu.

Moyo nao hujifungua

Akina mama wengi hulia bila sababu ya wazi kati ya siku ya tatu na ya tano. Hukasirika upesi, huogopa, huhisi hawawezi kumlea mtoto. Ni majonzi ya kawaida. Yanaletwa na mabadiliko ya homoni mwilini pamoja na kukosa usingizi, na huisha yenyewe ndani ya majuma mawili mama akipata pumziko na mtu wa kumsikiliza.

Yasipoisha, tunazungumza juu ya sonona. Mama hupoteza furaha, hakuli au hula kupita kiasi, halali hata mtoto amelala, hujiona hafai, hana hisia yoyote kwa mtoto, au hutamani kufa. Hali hii inaweza kuanza wakati wowote katika mwaka wa kwanza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata maradhi ya nafsi baada ya kujifungua, na sonona ndiyo iliyo kubwa kati ya hayo. Kwa hiyo katika kila jumuiya yenye wazazi kadhaa, yaelekea yumo mmoja anayeumia akiwa kimya.

Kwa bahati mbaya, mama huyu huambiwa mengi. Wengine husema ana jini, wengine karogwa, wengine mvivu. Sisi waamini tuna neno letu linaloumiza zaidi: imani yake ni haba. Tuseme wazi kwamba sonona si dhambi, wala haihitaji kuungamwa. Ni ugonjwa kama malaria, na una tiba: mazungumzo na mhudumu mwenye ujuzi, msaada wa kazi za nyumbani, na dawa pale zinapohitajika, zikiwemo zinazofaa kwa anayenyonyesha. Tuombe pamoja na mama huyu, kisha tumsindikize hospitali. Sala haichukui nafasi ya daktari, na daktari haondoi haja ya sala.

Anayemtembelea mzazi anaweza kumwuliza mambo mawili mepesi, wakiwa peke yao: je, katika mwezi huu umekuwa na huzuni au kukata tamaa mara kwa mara? Je, umepoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Akijibu ndiyo kwa moja tu, asiachwe bila kuonwa na mhudumu wa afya. Akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, au akisikia sauti zisizosikiwa na wengine, hiyo ni dharura. Asiachwe peke yake hata dakika moja, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mzazi asiye na mtoto mkononi

Yuko mama ambaye hakuna anayempa hongera, kwa kuwa mtoto amefariki. Huyu naye ni mzazi. Damu humtoka, mshono humuuma, na maziwa huja kwa ajili ya mtoto ambaye hayupo. Anastahili arobaini yake kamili, chakula chake na kliniki yake. Asiharakishwe kusahau, wala asiambiwe kwamba atapata mwingine. Ikiwa mtoto alifariki kabla ya ubatizo, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1261, inatufundisha kumkabidhi katika huruma ya Mungu na kuwa na matumaini. Paroko au katekista aende kuomba pamoja na familia, na mtoto atajwe kwa jina kama alipewa.

Deni la baba na zamu ya jumuiya

Katika Waraka wa Kitume Mulieris Dignitatem wa mwaka 1988, Mtakatifu Yohane Paulo II anafundisha kuwa uzazi ni wa wawili, lakini mwanamke ndiye anayeulipia kwa mwili wake, na kwa sababu hiyo mume ana deni la pekee kwake. Deni hilo hulipwa kwa mikono. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na inampa baba siku tatu. Mkulima na mvuvi wa Baleni hawana mwajiri wa kuwapa likizo. Likizo ya mke wa mvuvi hutolewa na mumewe, anapochota maji, anapofua nepi na anapombeba mtoto usiku ili mama alale.

Mume ajue pia kusubiri. Tendo la ndoa lirudi damu ikiwa imekoma, majeraha yamepona, na mama mwenyewe yuko tayari. Inashauriwa mimba nyingine isiingie kabla ya miezi 24 kupita, nalo Kanisa, katika Waraka Humanae Vitae wa mwaka 1968, linakubali wanandoa kupanga nafasi kati ya watoto kwa njia za asili panapokuwa na sababu nzito. Kunyonyesha hukinga mimba kwa masharti matatu yakiwa pamoja: mtoto hajafikisha miezi sita, hedhi haijarudi, na mtoto ananyonya maziwa ya mama tu, usiku na mchana. Sharti moja likivunjika, wanandoa wapate mafundisho ya njia nyingine za asili.

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na WAWATA wanaweza kupanga zamu. Mmoja alete maji, mwingine apike, mwingine akae na watoto wakubwa, mwingine amsindikize mama kliniki. Bikira Maria alikwenda kwa haraka kwa Elizabeti mjamzito akakaa naye kama miezi mitatu, nasi tunaombwa majuma sita tu. Ziara ziwe fupi, mikono ioshwe kabla ya kumshika mtoto, na mgeni asingoje kuandaliwa chai. Pale ambapo Mkatoliki yuko peke yake kati ya majirani Waislamu, aupokee kwa shukrani msaada wao, kwa kuwa arobaini wanaijua vizuri, na aurudishe zamu yao ikifika.

Mzazi na ibada

Wapo akina mama wanaojilazimisha kwenda Misa kabla hawajapona, wakiogopa dhambi. Katekisimu, namba 2181, inataja ugonjwa na malezi ya watoto wachanga kuwa sababu halali za kutohudhuria Misa ya Dominika. Anayenyonyesha hadaiwi pia kufunga kwa namna itakayomdhuru yeye au mtoto. Anaweza kuomba apelekewe Komunyo Takatifu nyumbani.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 867, inawataka wazazi wahakikishe mtoto anabatizwa katika majuma ya kwanza. Akiwa katika hatari ya kufa abatizwe bila kuchelewa, na katika hali hiyo mtu yeyote mwenye nia ya kufanya lifanywalo na Kanisa anaweza kummiminia maji akitamka maneno ya ubatizo. Mwishoni mwa adhimisho la Ubatizo kuna baraka ya pekee kwa mama, ikifuatwa na baraka ya baba. Tunawaomba mapadre waitoe bila haraka, na wasimamizi wa ubatizo waikumbuke wanapoandaa sherehe.

Kabla ya arobaini kwisha, kila jumuiya yenye mzazi ijiulize mambo manne: Je, amekwenda kliniki siku zilizopangwa? Je, anakula na kulala? Je, yupo mtu aliyemwuliza habari za moyo wake na kungoja jibu? Je, namba 115 na usafiri vinajulikana nyumbani mwake? Lolote lililokosekana lipatiwe mtu wa kulishughulikia leo, na jina la mtu huyo lisomwe mbele ya jumuiya.